digiKam, nyuso 612 na kibao cha chaki: mapitio ya mpiga picha wa shule

Kazi yangu ni picha za watu. Studio ni chumba kimoja pale Majengo, Mombasa, juu ya fundi cherahani, na sehemu kubwa ya riziki yangu ya mwaka huingia wiki za mwanzo wa muhula, shule zinapotaka picha za vitambulisho. Mwaka huu shule moja ya Kisauni ilinipa wanafunzi 612, Gredi ya 1 hadi ya 9. Siku mbili za kupiga, siku nne za kukabidhi. Kila mtoto picha mbili: ya uso kwa ajili ya kitambulisho, na ya kusimama kwa ajili ya mzazi. Ukitia na za kurudia, maana macho hufumba na mitandio hupinda, nilirudi studio na picha 1,904.

Kuzipiga ni jambo la siku mbili. Kujua ipi ni ya nani, hapo ndipo jasho linapotoka, na hapo ndipo programu hii ya kompyuta ya kupanga picha, iitwayo digiKam, ilipoistahili sifa yangu. Naitumia mwaka wa nne sasa.

Ni ya bure kabisa, wala si ile ya kujaribu siku 30 kisha ikakufungia mlango. Ilianza mwaka 2001, inatunzwa chini ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, na inakubali Windows, Linux na macOS. Unaishusha kutoka digikam.org. Mimi naiendesha kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8, na inatosha. Mara ya kwanza ukiifungua itakuuliza picha zako zinakaa wapi, na hifadhidata yake iiweke wapi. Hifadhidata iweke kwenye diski ya ndani ya kompyuta, ikiwa ni SSD ndiyo bora, usiitie kwenye diski ya mtandao. Kisha itataka kushusha mafaili ya ziada ya kutambua nyuso. Ni mazito, kwa hivyo lifanye hilo penye Wi-Fi, usije ukamaliza bando la simu.

Halafu, kabla hujagusa picha hata moja, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Metadata, yaani maelezo yanayosafiri na picha, utie alama kwenye visanduku vya kuandika tagi (vibandiko vya maneno), maelezo na nyuso ndani ya faili lenyewe. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, chagua maelezo yaandikwe kwenye faili dogo la XMP linalokaa ubavuni mwa picha. Usipofanya hivyo, kila jina unaloandika litabaki kwenye hifadhidata ya programu peke yake.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2019 nilikuwa natumia programu nyingine, ya kulipia kila mwezi, jina lake sina haja ya kulitaja. Majina ya wanafunzi wa shule mbili niliyaandika kwenye katalogi yake, na popote pengine sikuyaandika. Laptopu ikaingia maji ya mvua mwezi wa tano. Picha nilikuwa nazo kwenye diski nyingine, zote, hazina hata doa. Majina hayakuwepo. Ilinibidi nikae na mwalimu mmoja alasiri tatu mfululizo, yeye akitazama nyuso na kuniambia, "Huyu ni wa kwetu, huyu alihama, huyu simkumbuki, ndugu yangu." Wale aliowasahau sikuwahi kuwapata. Tangu hapo nataka jina likae ndani ya picha, liende inakokwenda, lifunguke kwa programu yoyote nitakayotumia miaka kumi ijayo. digiKam inanipa hilo, na hata kama ingekuwa haina jingine ningeendelea nayo.

Sasa nieleze ninavyofanya. Kila mtoto huja ameshika kibao cheusi kilichoandikwa kwa chaki namba yake ya admisheni. Picha ya kwanza ni ya mtoto na kibao, zinazofuata ni zake bila kibao. Mimi napiga uso, nimesimama kwenye alama ya utepe sakafuni, kamera iko juu ya stendi na haisogei. Mtoto akitoka kwangu anakwenda hatua nne kwa mpwa wangu, ambaye anampiga wima na kamera ya pili. Jioni tunamimina kadi zote mbili kwenye folda moja, tunazipanga kwa saa zilizopigwa, na hapo kila mtoto anatakiwa afuatane: kibao, uso, kusimama.

Jioni ya siku ya kwanza hazikufuatana hata kidogo. Za kusimama zote zilikaa juu, zimejikusanya peke yake, kama kwamba zimepigwa usiku wa manane. Nikafungua moja, naona saa 02:31. Nikamwita mpwa.

"Hii kamera uliitia saa wewe?"

"Naam, mjomba. Betri ilikuwa imekaa nje siku nyingi, ikaniuliza saa. Nikatia ile iliyokuwepo."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili na robo."

Alitia 02:15, saa mbili na robo kama tunavyoihesabu sisi, na kamera inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kijana hakukosea Kiswahili chake. Kwa hivyo picha zake zote zilikuwa nyuma kwa saa sita. Lakini ni sita kamili? Nikazipitia moja moja, na nyuma ya msichana mmoja wa Gredi ya 7 ikaonekana saa ya ukutani ya ukumbi wa shule. Nikaivuta karibu: mshale mfupi umepita kumi, mrefu umesimama kwenye nne. Faili linasema 04:18. Ukutani ni 10:20, na kamera yangu mimi ilikuwa imelingana na saa ile ile. Tofauti ni saa sita na dakika mbili.

Nikachuja picha za kamera ya mpwa peke yake, maana digiKam inakuruhusu kuchuja kwa aina ya kamera, nikazichagua zote, nikafungua zana ya kurekebisha saa, nikaongeza 6:02. Zilikuwa zaidi ya picha 300 siku ile. Nikanywa kahawa kikombe kimoja tu, zikawa tayari. Nilipozipanga upya, yule msichana wa Gredi ya 7 alisimama mahali pake, nyuma ya kibao chake na nyuso zake mbili. Asubuhi ya siku ya pili jambo la kwanza tulilofanya pale shuleni ni kuweka kamera mbili bega kwa bega na kuzilinganisha hadi nukta.

Kutoka namba ya chaki hadi jina, hapo digiKam naisaidia na mwenzake. Orodha ya shule ilikuja kwa Excel: namba, jina, gredi. Mpwa alikaa akisoma vibao kwenye picha ndogo za digiKam, ambazo unaweza kuzikuza hadi chaki isomeke bila kufungua faili, akajaza safu ya jina la faili. Kisha tukaihifadhi kama CSV, jedwali la maandishi matupu, na kuitia kwenye ExifTool, kazi ya Phil Harvey, ya bure nayo. ExifTool haina madirisha wala vitufe: unaandika amri, inatenda. Safu ya kwanza ya CSV lazima iitwe SourceFile, safu nyingine zibebe majina ya sehemu unazotaka kujaza, na kwa amri moja kila picha inaandikiwa jina la mwenyewe. Fanya jaribio kwenye nakala za picha kumi kwanza. Ukirudi digiKam iambie isome upya metadata kutoka kwenye mafaili, na majina yote yanatokea. Baada ya hapo, kubadilisha majina ya mafaili yenyewe ni rahisi: unachagua yote, unabonyeza F2, unaiambia ichukue jina kutoka kwenye metadata na iongeze namba ya mfuatano. DSC_0417 inakuwa G4, namba ya admisheni, 1. Karani wa shule analielewa faili hilo bila kunipigia simu.

Kuhusu kutambua nyuso, watu wengi huniuliza kama inafanya kazi kweli kwa nyuso zetu. Jawabu langu ni kwamba inafanya kazi ukiitumia kama msaidizi anayependekeza, na wewe ndiye unayethibitisha. Shule hii nimeipiga mwaka wa pili mfululizo, kwa hivyo za mwaka jana tayari zilikuwa na majina niliyoyathibitisha. Niliiacha ipekue za mwaka huu tangu baada ya Isha, nikalala. Alfajiri nikakuta imepanga nyuso kwa makundi na kwa kila moja imeandika pendekezo. Mtoto wa miaka saba hubadilika sana ndani ya mwaka mmoja, meno yanatoka, uso unarefuka. Msichana aliyekuwa kichwa wazi mwaka jana na sasa amefunga mtandio hadi kidevuni huonyesha sehemu ndogo tu ya uso. Mapacha ni mapacha. Hao wote wanataka jicho la mtu, na mimi sithibitishi kwa mkupuo.

Lakini sikilizeni ilichonifanyia Gredi ya 4. Kibao kinasema mtoto huyu ni fulani. Pendekezo la digiKam linasema ni mwingine, wa darasa lile lile. Mtoto wa pili yake, vivyo hivyo, kinyume. Nikafungua Light Table, ile meza ya kulinganisha picha mbili bavu kwa bavu, ukivuta moja karibu na ya pili inavutika pamoja nayo. Nikaweka ya mwaka jana kushoto, ya mwaka huu kulia, nikavuta hadi kwenye nyusi. Mmoja ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Kovu liko kwenye picha ya mwaka jana yenye jina moja, na ya mwaka huu yenye jina jingine. Nikampigia mwalimu wa darasa. Akacheka, akasema wale wawili hawaachani, lazima walibadilishana vibao wakiwa kwenye foleni. Bila pendekezo lile, watoto wawili wangebeba vitambulisho vya wenzao mwaka mzima.

Na hapa pana jambo kubwa la watoto wa watu. Upekuzi wote wa nyuso unafanyika ndani ya kompyuta yangu, hakuna picha inayopandishwa mtandaoni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na taarifa za kibayometriki, yaani za kumtambua mtu kwa mwili wake, inaziweka kwenye daraja la taarifa nyeti. Shule ilikusanya fomu za wazazi kabla sijafika, na mimi nikaomba waongeze sentensi inayosema wazi kwamba nyuso zitalinganishwa na za mwaka uliopita. Mwenzangu unayepiga picha za shule, ulizia fomu hizo kabla hujabeba flashi. Na ukitumia huduma ya mtandaoni ya kupanga nyuso, fikiria vizuri unampelekea nani sura za watoto 612.

Sasa foleni. Menyu inaiita Batch Queue Manager. Unamimina picha ndani, unapanga hatua moja baada ya nyingine, unaibonyeza, nayo inapita kwenye zote. Kuna kukata, kupunguza saizi, kunoa, kurekebisha rangi, kutia alama ya studio, kugeuza RAW kuwa JPEG, na ukishapanga hatua zako unazihifadhi kwa jina ili mwakani usianze upya. Kuna kisanduku cha kuiruhusu itumie viini vyote vya prosesa, kitie alama. Na chagua folda nyingine ya kutolea, asili zibaki bila kuguswa.

Shule ilitaka milimita 35 kwa 45. Kwa uchapaji wa dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, hiyo ni pikseli 413 kwa 531. Kamera yangu wima inatoa 4000 kwa 6000, na ukikata kwa uwiano wa 35 kwa 45 unabaki na 4000 kwa 5143, yaani pikseli 857 za urefu zinaondoka, nusu juu, nusu chini, kama umeiambia ikate kutoka katikati. Foleni haijui kichwa kiko wapi. Ndiyo maana ya utepe sakafuni, na ndiyo maana ya kuishusha stendi kila gredi inapokuja na kimo kingine. Dakika moja ya kushusha stendi pale shuleni inaokoa saa nzima studio. Gredi ya 1 nilisahau kuishusha kwa watoto kumi na wanane, na hao nilikata mmoja mmoja kwa mkono.

Kwenye rangi, nina neno la kuwasihi wenzangu. Usitumie marekebisho ya kujiendesha yenyewe kwa picha za shule. Yanatazama kila picha peke yake. Msichana mwenye mtandio mkubwa mweupe, weupe umejaza fremu, marekebisho yanaona mwanga umezidi na kumshusha uso ukawa mzito. Mvulana anayemfuata, shati limefunikwa na sweta la buluu, anapandishwa hadi ngozi yake inapauka. Wamekaa dawati moja, jua moja, na kwenye ukurasa wa darasa wanaonekana kama wamepigwa nchi mbili tofauti. Watoto wetu wana rangi zote, weusi tii hadi weupe wa maziwa na chai, na kila mmoja anastahili kuonekana alivyo. Mimi napiga kadi ya kijivu, ya kupimia rangi ya mwanga, mwanzo, na tena kila mwanga unapobadilika. Siku ya pili tulihamia nje chini ya mwarobaini, na majani yake yalitia ukijani kwenye mashavu ya kila mtu. Kadi iliuonyesha ukijani ule. Nikaweka kipimo kimoja cha mizani ya weupe kwa picha zote za chini ya mti, kingine kwa za ukumbini, foleni mbili, basi. Kwa kazi ya harusi, ambapo nataka kuhangaika na RAW moja moja, ninahamia darktable, programu ya kusafisha RAW, ambayo nayo ni ya bure. Kwa wingi kama huu, digiKam inanitosha.

Foleni ya mwisho ni ya wazazi. Hapo naongeza hatua ya kufuta metadata. Lile jina ninalolipenda ndani ya faili langu silitaki lizunguke kwenye simu za watu pamoja na jina la shule na saa ya kupigwa. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida maelezo hayo huondolewa, lakini wazazi wengi huomba itumwe kama dokumenti ili isipoteze ubora, na hapo faili hufika kama lilivyo. Kwa hivyo nakala ya shule ina jina, nakala yangu ina jina, ya mzazi ni picha tu.

Kasoro? Menyu ni nyingi, na mtu mgeni atapotea wiki ya kwanza. Jifunze mambo manne tu: nyota za kuzipa picha alama, tagi, F2 na foleni. Mengine yatakuja. Tulikabidhi siku ya nne saa tisa alasiri, na mkuu wa shule alifungua folda ya Gredi ya 9 mbele yangu, akamtafuta mwanawe kwa namba, akampata.

Kuna kazi nyingine nimeianza nayo, haina malipo. Marehemu baba alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa Likoni, pale feri, miaka ya 1990, enzi za vibanda na mapazia yaliyochorwa. Aliandika jina, siku na idadi ya nakala juu ya bahasha ya kaki, na negativu zikitoka kusafishwa alizitia humo. Bahasha nyingi zililika na mchwa. Negativu zilibaki, boksi zima, nyumbani kwa mama. Nazipiga moja moja juu ya kioo chenye taa, nazigeuza rangi, naziingiza digiKam, nayo inazizungushia nyuso visanduku na kuniuliza ni nani. Ijumaa baada ya chakula nakaa na mama. Anavaa miwani, anasogea kwenye skrini.

"Huyu si mke wa yule muuza samaki wa Mtongwe? Angalia kanga yake. Andika."

Naandika. Tumefika majina 31.